Mchagga na samaki wapi na wapi?

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno. Nimeulizwa chuoni Dar es Salaam, nimeulizwa Feri pale Magogoni nikiwa na kikapu mkononi, na nimeulizwa na mama mwenye nyumba wangu, Mzaramo wa watu, siku aliyonikuta nampara changu magamba kwenye karo la uani. Alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika mbavu. "Mangi na samaki wapi na wapi?" Nikamwambia mimi ni mwanamke, siwezi kuwa Mangi. Akasema hilo ni dogo, la samaki ndilo kubwa.

Kusema kweli wanaouliza hawajakosea sana. Wazee wetu wa Marangu samaki hawakuwa chakula chao. Bibi yangu mzaa baba alikuwa anamwita nyoka wa majini, na ukila dagaa chumba cha nje alikuwa hakubali ubebe sahani kupitia chumba chake. Wala usidhani ni sisi Wachagga peke yetu. Wamasai walio chini yetu hawakula samaki. Wakikuyu, ambao nao wana mlima wao na mito yao ya maji baridi, hawakula. Wasomali wengi wa bara, wenye ngamia wao, hawakula. Yaani ukanda mzima wa watu wa ng'ombe, mbuzi na ngamia, mito inapita mlangoni, na samaki ndani ya mito wanazeeka kwa amani.

Mambo yalibadilika taratibu. Shule za bweni zilituzoesha dagaa, upende usipende. Miaka ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu kule tambarare, kusini mwa Moshi, perege wakajaa humo, na wachuuzi wakaanza kupanda nao milimani. Leo ukifika Marangu Mtoni utakuta perege wa kukaanga wamepangwa kwenye meza, na dagaa wa Mwanza kwenye ndoo. Watoto wanakula, mama zetu wanakula. Waliobaki ni wanaume wa rika la baba yangu, na hao ndio hasa walionifanya niandike haya.

Baba yangu ana presha. Daktari alimwambia apunguze chumvi, mafuta na nyama nyekundu. Kwa mtu wa Dar hayo ni masharti ya kawaida, unabadilisha unachoagiza hotelini mambo yanaisha. Kwa mzee wa Kichagga mwenye kihamba chake ni jambo jingine kabisa. Nyama kwetu haiishii tumboni. Mbuzi akichinjwa nyumbani kwa mmoja wa ndugu, kila kipande kina mwenyewe: kidari kina wake, shingo ina wake, mgongo, utumbo, ngozi. Fungu unalopewa linasema wewe ni nani kwa nani, mkubwa wa nani, umeoa kwa nani. Ukikosa fungu lako umesahauliwa, na ukilikataa umegombana na mtu.

Basi baba hakukataa. Alichofanya kiliniuma zaidi. Fungu lake likawa linaletwa nyumbani na mtoto, limefungwa kwenye jani la mgomba. Analipokea, anashukuru, analiweka mezani, anawaita wajukuu wale. Yeye anakunywa uji. Baadaye akaacha hata kwenda kwenye hizo shughuli, maana atakaa vipi na wenzake mkono mtupu huku wanamchokoza kwamba amekuwa mtoto mchanga? Mama aliniambia kwenye simu kwamba mzee siku hizi analala mapema. Mtu aliyekuwa anarudi saa nne usiku anaimba!

Kwa hiyo Disemba ya 2023, nilipokuwa nakwenda nyumbani kwa Krismasi kama Wachagga wote wa nchi hii, nilikuwa na jambo moja kichwani. Perege wa kukaanga wa Marangu Mtoni hafai, mafuta yanachuruzika. Dagaa na ng'onda wana chumvi. Na vyote viwili baba anavijua na ameshavikataa miaka hamsini. Nilitaka kitu ambacho hajawahi kukikataa kwa sababu hajawahi kukiona.

Nikashuka basi Moshi mjini asubuhi, nikaingia supamaketi.

Sijui kama umewahi kusimama mbele ya friza ya samaki ya supamaketi mjini Moshi. Ni kama kusoma gazeti la wiki nzima. Kwanza kuna minofu ya sangara kutoka Mwanza, myeupe, imepangwa kama vitabu. Ukiiona unakumbuka ile filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, iliyosema minofu inakwenda Ulaya na sisi tunabaki na mapanki, na jinsi Rais Kikwete alivyoijia juu mwaka 2006. Kelele zile zote, na sasa minofu hiyo hapa, iko Moshi, na mapanki siyaoni. Pembeni kuna vipande vya jodari. Hapo unakumbuka mwaka 2009, meli ya Tawariq 1 ilipokamatwa kwenye bahari yetu ikiwa na shehena ya jodari, Magufuli akiwa waziri mwenye dhamana ya uvuvi. Watu wa bara wengi walimfahamu jodari siku hiyo, na wakampa jina: samaki wa Magufuli. Sijasikia samaki mwingine Tanzania aliyepewa jina la waziri.

Halafu nikawaona wawili niliowataka. Wa kwanza ni ngisi, wazima, kilo moja, bei yake karibu mara mbili ya kilo ya nyama ya ng'ombe. Wa pili ni samaki wa kawaida kabisa kwa umbo: perege wazima, wamepasuliwa na kusafishwa, ndani ya mfuko wa plastiki wenye picha ya bahari ya bluu. Perege na bahari! Nikageuza mfuko nisome mgongoni, maana ndiyo kazi yangu kusoma maandishi madogo. Imezalishwa China. Jina: tilapia. Chini yake, kwa herufi za mlazo, jina la kitaalamu: Oreochromis niloticus.

Ndugu msomaji, nivumilie kidogo hapa, maana mfuko ule ulinifanya nisimame kwenye kile chumba cha baridi mpaka mlinzi akaanza kunitazama.

Anza na neno "tilapia". Tunalitamka kama neno la Kizungu, la hotelini. Lakini mtaalamu wa wanyama kutoka Uskoti, Andrew Smith, alilitunga mwaka 1840 akitokea kusini mwa Afrika, na inasemwa alilitoa kwenye neno la Kitswana la samaki, tlhapi. Yaani ni neno la Kibantu lililovaa suti. Neno letu la Kiswahili, "samaki", ndilo la Kiarabu. Kwa hiyo yule wa kwenye plastiki kutoka China ana jina la Kibantu kuliko sisi tunaomshangaa.

Sasa nenda kwenye "Oreochromis". Mwaka 1889 mtaalamu mmoja wa samaki kule London, Albert Günther, aliletewa samaki waliotoka wilaya ya Kilimanjaro. Mmoja wao alitoka ziwa Chala, lile ziwa la shimo la volkano lililo mpakani mwa Rombo na Kenya. Günther aliona hafanani na waliokwisha kuandikwa, akamtungia jina jipya la jamii nzima. "Oreo" ni mlima kwa Kigiriki. Samaki wa mlimani. Mlima upi? Huu huu! Jina la pili akampa hunteri, kwa heshima ya mwindaji wa Kiingereza aliyeitwa Hunter. Huyo wa Chala ndiye wa kwanza kuitwa Oreochromis, na wengine wote wenye jina hilo, pamoja na sato wa ziwa Viktoria na huyu anayefugwa China kwa mamilioni, wamepangwa nyuma yake.

Mwaka 1889 kila mtoto wa Marangu anaujua. Ni mwaka ambao Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na tunavyosimuliwa, aliyewaongoza ni Yohani Kinyala Lauwo wa kwetu hapa hapa. Tumejengewa mnara wa kumbukumbu, watalii wanapiga picha. Mwaka huo huo samaki wetu naye alipanda kilele chake akawa jina la jamii nzima ya samaki duniani, na sisi tukaendelea kusema sisi si watu wa samaki. Nikaweka mifuko miwili kwenye kikapu.

Kabla sijaendelea, kwa wale ambao watajaribu. Binya mfuko. Ukikuta barafu nyingi imejikusanya pembeni kama chumvi ya mawe, au samaki wameshikana wamekuwa jiwe moja, umeme ulikatika wakayeyuka wakagandishwa tena, rudisha. Soma uzito halisi, maana samaki wa kugandisha hupakwa ganda la barafu wasikauke, na kuna wauzaji wanaokupimia na barafu. Soma pia kama wameongezwa chumvi au fosfeti ya kushikilia maji. Kwa mtu mwenye presha hilo si dogo. Wangu walikuwa wameandikwa samaki tu, basi.

Nilifunga mifuko kwenye magazeti, tabaka baada ya tabaka, kisha kwenye kitenge. Gazeti linahifadhi baridi vizuri sana, nadhani ndiyo kazi yake ya uaminifu kuliko zote. Kutoka Moshi mpaka Marangu Mtoni kwa daladala, kupitia Himo, walifika bado wagumu. Nikawaweka kwenye friza ya soda ya shangazi, pale dukani kwake, akaniuliza mara tatu kama watanukia. Nikamwambia hapana, shangazi. Akaweka karatasi juu ya soda.

Ngisi nilianza nao usiku huo huo.

Ngisi ana sheria moja tu na ni ya ajabu: ama umpike dakika mbili, ama umpike saa nzima. Katikati hapo anakuwa mpira. Moto mkali dakika mbili, nyama inageuka nyeupe, unamtoa. Ukichelewa, inabidi uvumilie mpaka alainike upya. Na kwetu Marangu, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage ya Dar hayachukui muda kama ya mama. Kwa hiyo safari ya saa moja kwetu ni safari ndefu zaidi. Nikachagua dakika mbili.

Kwanza unamsafisha. Unavuta kichwa, utumbo unatoka nacho. Ndani ya mwili kuna kitu kirefu kinachoonekana kama plastiki. Waingereza wanakiita kalamu. Na kuna kifuko cha wino. Kalamu na wino ndani ya mnyama mmoja! Mdogo wangu akasema huyu ni mwandishi wa habari mwenzako, umemuua.

Nikamkata pete, nikampaka kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na ndimu, bila chumvi. Sufuria pana juu ya mafiga, kuni kavu za mkahawa uliong'olewa, mafuta kijiko kimoja. Kwa kupika ngisi kuni zinaishinda gesi, moto unaruka. Dakika mbili nilizihesabu kwa saa ya simu. Jikoni kukanukia bahari, kitu ambacho jiko lile halijawahi kukinusa tangu lijengwe.

Baba alikuja akatazama. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo huniita mama.

"Mama, hiki ni kitu gani?"

"Ni ngisi, baba."

"Anaishi wapi?"

"Baharini."

"Ana mifupa?"

"Hana."

"Ana magamba?"

"Hana, baba."

"Basi huyo si samaki." Akarudi kwenye kiti chake.

Na wataalamu wako upande wake! Ngisi si samaki, ni ndugu wa konokono. Hilo nilinyamaza nalo, maana mama alikuwa ameshachukua pete ya kwanza na sikutaka kumharibia. Alitafuna. Akatafuna tena. Akasema, "Mbona ni kama utumbo?" Kwetu hiyo ni sifa. Watu wanaokunywa kisusio, supu yenye damu ya mbuzi ndani, halafu wanamwogopa ngisi, hata mimi siwaelewi. Mama alimaliza sahani. Wadogo zangu walimaliza sufuria. Baba alikunywa uji wake.

Nusu kilo ilibaki kwenye friza ya shangazi. Sikuvunjika moyo, kwa sababu usiku huo niligundua kitu: baba aliuliza maswali manne. Mtu aliyekata tamaa haulizi maswali manne.

Kesho yake ikawa zamu ya perege wa China. Hao niliwayeyusha polepole, mfuko ukiwa umefungwa ndani ya beseni la maji ya mfereji, ambayo kwetu ni baridi kama ya friji. Usiwaweke juani, nje wataoza ndani wakiwa bado barafu. Perege wa kufugwa mara nyingi ana ladha ya tope, inatokana na vijidudu vya bwawani, na dawa yake ni uchachu. Ndimu mbili, nusu saa. Nikawajaza vitunguu, nyanya, majani ya giligilani na pilipili, nikawafunga kwenye jani la mgomba. Jani unalipitisha kwanza juu ya moto mpaka ling'ae na kulegea, vinginevyo linapasuka. Kisha juu ya makaa, dakika kumi na mbili hivi kila upande. Mafuta sifuri, chumvi punje. Pembeni ndizi mshare za kuchemsha.

Mama akaondoa bakuli la mtindi mezani bila kuulizwa. Samaki na maziwa havikai pamoja, hiyo ni sheria ambayo hata daktari hawezi kuifuta.

Shemeji yangu alikuwepo, mtu wa Upare, Msabato safi. Ngisi usiku uliopita alimtazama kwa mbali kama ajali ya barabarani. Kwa perege akawa na shaka: Biblia inataka mapezi na magamba, mapezi anayaona, magamba yako wapi? Kiwandani wamemparua wote. Alichukua mmoja aliyekuwa bado hajafungwa, akamgeuza taa ya simu ikimulika, na karibu na mkia akakuta gamba moja limesahauliwa. Moja! Akalinyanyua kwa kucha tulione wote. "Huyu ni halali," akasema, na akaenda kunawa.

Nikafungua majani mezani. Nikamweleza baba, nikiwa nimesimama, habari ya samaki wa Chala, na mwaka 1889, na jina la mlima kwenye mfuko. Nilimletea na mfuko wenyewe. Aliusoma kwa miwani, herufi kwa herufi, kama anavyosoma barua za benki.

"Chala hii ya Rombo?"

"Hiyo hiyo, baba."

"Maji ya Chala yanatoka huku kwetu mlimani."

Na ni kweli. Chala haina mto mkubwa unaoingia. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha msituni juu ya mlima, ikazama, ikapita chini ya ardhi. Mzee hakusoma hilo popote, ila watu wa mifereji wanajua maji yao yanakokwenda.

Akatazama yule samaki muda mrefu. Kisha akasema, "Kichwa ni cha nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la minofu. Nusu ya samaki wa supamaketi hawana kichwa, hawana mkia, hawana mbavu. Ni chakula lakini huwezi kukigawa. Huyu alikuwa mzima. Baba akaomba kisu. Kichwa akampa shemeji, mgeni wa nyumba. Mgongo akajikatia yeye. Mkia na kipande kinachofuata akawapa wadogo zangu, wakipokezana kwa umri. Tumbo, penye mafuta, akampa mama. Mimi niliyepika nikapewa shavu la samaki wa pili, akalichokoa mwenyewe kwa ncha ya kisu, kisha akaniambia, "Aika, mae." Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akigawa kitu mezani.

Alikula mgongo wote. Hakusema ni mtamu. Alisema una miiba kama maneno ya mwanasheria.

Sasa niseme langu kuhusu huyo perege wa China, maana najua kuna watakaoniandama. Kenya walipigana sana juu yake, mwaka 2018 hata Rais Uhuru Kenyatta akaingia kwenye mjadala. Wavuvi wa ziwa Viktoria wanasema anawaua kwa bei, na sioni wamekosea wapi. Mimi simchukii samaki. Ninachoona ni aibu ni kwamba huyo wa Chala aliyetoa jina, ambaye hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani, yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Watu wameingiza perege wageni ndani ya ziwa lile dogo, nao wanazidi. Mwenzake wa ziwa Jipe, kule Mwanga, Oreochromis jipe, naye yumo kwenye orodha hiyo hiyo. Tunawajua watalii wangapi wamepanda mlima mwaka huu, tunajua barafu ya Kibo inavyopungua na tunaililia, lakini samaki aliyeitwa kwa jina la mlima anakwisha na hakuna hata fulana ya kumbukumbu. Nikiwaza hivyo, nasema ni afadhali kununua perege wa Nyumba ya Mungu kutoka kwa mchuuzi anayempandisha Himo asubuhi. Yule wa plastiki alinifaa kwa sababu ya maandishi ya mgongoni. Na kwa sababu alikuwa mgeni kiasi cha kutosha baba asimkumbuke.

Ikaja siku ya pili ya Krismasi, mbuzi nyumbani kwa baba mkubwa. Ndafu yupo, mbege ipo, kelele zipo. Baba alitoka asubuhi akakata jani la mgomba mwenyewe, akalileta jikoni bila kusema neno. Mama akanitazama, nikamtazama. Nilibakiwa na perege wawili. Tukawafunga.

Alikwenda na kifurushi mkononi. Nilivyosimuliwa na binamu zangu waliokuwa wanachoma, walimcheka mpaka mbege ikamwagika. Mmoja akamuuliza kama amehamia Tanga. Baba akakaa kwenye kiti chake, akafungua jani lake, akala. Fungu lake la mbuzi lilipotolewa akalipokea mwenyewe pale pale, akaligawa kwa vijana. Akarudi saa tatu na nusu usiku. Haimbi, lakini amerudi saa tatu na nusu.

Baba mkubwa naye, inasemekana, alimega kidogo pembeni ya mkia wakati wengine wanaangalia moto. Hilo amelikana na ataendelea kulikana.

Mwezi Februari mama alinipigia simu. Ananunua perege wa Nyumba ya Mungu mara mbili kwa wiki, wazima, hataki minofu, anawafunga mwenyewe na ameongeza limau badala ya ndimu, anasema ni bora. Presha ya mzee imeshuka, ingawa daktari anasema ni dawa na mama anasema ni samaki, na sina mpango wa kuingia kati yao. Ngisi nusu kilo bado wamo kwenye friza ya shangazi, chini ya soda. Hakuna anayethubutu kuwapika bila mimi, na kila Jumapili shangazi ananitumia ujumbe kuuliza nitakuja lini kuwatoa.